Siku Rais Aliposema Tufunge

Rais wetu alikuwa na tabia ya kusema kitenzi halafu akanyamaza. Kitenzi kitupu, bila mbele wala nyuma. Mwaka mafuta yalipoadimika nchi nzima alisema, "Tukaze," akanywa maji, akaendelea na mengine. Tukaze nini? Wengine walikaza mikanda. Kule Saza kwenye machimbo ya dhahabu waliongeza saa za kazi, wakaapa kwamba ndicho alichomaanisha. Mwaka wa mafuriko alisema, "Tusimame," na madereva wa malori hapa Tunduma wakasimama kweli, katikati ya barabara, foleni ikarudi nyuma hadi kijiji cha Mpemba. Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilijua maneno yale yalikotoka. Siku hizi sicheki.

Kabla ya kuwa Rais, na kabla hata ya kuwa mbunge, yule mzee alikuwa bwana shamba huku Mbozi. Alipanga chumba nyumbani kwa baba mkwe wangu, mzee Yonathani, ule mwaka buni zilipokuwa zinaoza mtini na watu wanalia mashambani kama kwenye msiba. Jioni wakulima walijaa uani kumsikiliza. Alikuwa anavuta pumzi kwa pua, anasema, "Wanangu," wakati wengine pale walikuwa wakubwa kuliko baba yake, kisha ananyamaza mpaka mbwa nao wananyamaza. Halafu neno moja. Danford, mume wangu, alikuwa mtoto wa miaka minane, kazi yake kumpelekea bwana shamba maji ya kuoga. Alikuwa akishaweka ndoo anakwenda nyuma ya nyumba kumwigiza. Aliigiza siku zile, akaigiza miaka arobaini na saba iliyofuata, hadi ile sauti ikakaa kooni mwake kama ya kwake.

Kwa hiyo nilipoolewa niliolewa na watu wawili. Danford wa kawaida ana sauti nyembamba ya mtu anayeomba chumvi. Yule wa pili akisema "Wanangu," mimi mwenyewe nakaa vizuri kwenye kiti. Zamani alikuwa anaigiza kwenye harusi, watu wanavunjika mbavu, mpaka siku moja ofisa mmoja alimwita pembeni akamwambia kwa upole kwamba sauti ya Rais si mali ya harusini. Tangu hapo aliigiza nyumbani tu, kwa ajili yangu na binti yetu Violet, na majirani wapya hawakuwahi kujua. Tunduma ni mji wa wahamiaji, anayekufahamu leo mwakani yuko Lusaka.

Kazi yake ni matangazo. Ana gari, Noah kuukuu yenye vioo vyeusi na spika nne juu, anatangaza misiba, mikutano ya injili, maji kukatika, mbuzi kupotea. Mimi nauza vitenge mtaa wa pili kutoka mpakani. Jina langu ni Fausta, lakini mjini wananiita Mama Violet.

Ile homa ilipoingia, sisi tulisema imetoka Nakonde, upande wa Zambia. Ng'ambo huko Nakonde walisema imetoka kwetu. Mtaani kwetu walizikwa watu sita ndani ya wiki mbili, wakizikwa na wageni waliovaa nailoni mwili mzima, ndugu wakiambiwa wakae mbali. Mtu akikohoa sokoni aliulizwa ametokea wapi. Wanawake wa Nakonde wanaoleta maharage, ambao tumesalimiana nao "mulishani" kila asubuhi miaka yote, wakaanza kupangiwa sehemu yao peke yao, karibu na choo. Serikali ilikuwa imesema wazi kwamba njia haitazibwa, malori yapite. Vijana hawakutaka kusikia. Wiki nzima ilikuwa neno moja mdomoni kwa kila mtu: watafunga lini? Kwa nini hawafungi? Hakuna aliyeongeza neno "mpaka". Hapa Tunduma ukisema wamefunga, hakuna atakayekuuliza wamefunga nini.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuomba wasifunge. Violet aliolewa ng'ambo, na Boazi, dereva wa lori, kijana mpole wa Kinamwanga ambaye mpaka leo anaangalia chini akizungumza nami. Violet alikuwa na mimba ya kwanza, miezi tisa imetimia. Kwetu uzazi wa kwanza ni nyumbani kwa mama. Nilikuwa nimeshamwandalia chumba, nimeongea na mkunga Elina wa kituo cha afya, nimenunua na beseni. Kilichobaki ni Boazi arudi safari Ijumaa asubuhi, amvushe mkewe.

Alhamisi tukaambiwa Rais atahutubia saa kumi alasiri. Danford akaegesha Noah pale kwenye kona ya soko, akaunganisha redio na spika zake, kama afanyavyo kila hotuba. Watu walijaa mpaka juu ya mapaa ya vibanda. Mimi nilikuwa dukani kwangu, hatua chache tu, nimekunja vitenge nimevishikilia mapajani.

Akaanza. Pumzi puani. "Wanangu." Kimya. Nilisikia mtoto analia mbali sana. Akazungumzia homa bila kuitaja jina, akazungumzia mababu zetu, akasema taifa ni nyumba. Halafu akasema, "Kuanzia kesho, siku tatu, nchi nzima, tufunge."

Na hapo redio ikakatika. Wakazi wa Tunduma tunajua mchezo huo: mawimbi ya ng'ambo yanaingia juu ya yetu, unasikiliza taarifa ya habari mara unasikia Kibemba. Siku hiyo aliingia mtu anayetangaza dawa ya kuua viwavi kwenye mahindi. Umati ukapiga kelele. "Rudisha! Rudisha bwana!" Spika zikakoroma, zikapiga mluzi, zikanyamaza. Halafu sauti ikarudi.

"Wanangu wa Tunduma," ikasema. "Tufunge. Kuanzia kesho asubuhi. Nawategemea ninyi."

Kelele iliyopanda pale sijawahi kuisikia hata siku timu yetu ilipopanda daraja. Watu walikumbatiana, nyakati zile ambazo hata kushikana mikono tulikuwa tunaogopa. Nami nilikaa na vitenge vyangu, nawaza Violet. Sikuwaza kitu kingine. Mke wa ndoa ya miaka ishirini na nane nilisikia sauti ya mume wangu nikadhani ni ya Rais.

Jioni ndipo aliponiambia, huku ananawa mikono kabla ya kula, anacheka. Watu walikuwa wanapiga bodi la gari, alisema, angefanyaje? Akashika kipaza sauti akamalizia mwenyewe. Si alishasema tufunge? Yeye aliongeza chumvi tu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilimwongezea na mnofu. Kisha nikampigia Violet nikamwambia avuke jioni hiyohiyo na bodaboda.

"Mama, kwa bodaboda na tumbo hili?" akasema. "Boazi anafika alfajiri. Tutakuwa hapo kabla hawajaweka hata kamba."

Ijumaa asubuhi jirani yangu Ferista alipita kunijulia hali. Alikuwa amelala Vwawa kwa dada yake, amerudi na gari la kwanza. Nilimkaribisha chai, nikamsogezea na kiazi cha moto.

"Leo sili, Mama Violet," akasema, akasukuma kikombe taratibu. "Hata wewe nakushangaa. Si Rais amesema tufunge?"

"Tufunge mpaka."

"Mpaka gani tena? Tufunge na kuomba. Siku tatu, dini zote. Sisi Vwawa tulisikia yote. Akasema wagonjwa wasifunge, wanaonyonyesha wasifunge, na kinamama wajawazito wamesamehewa. Mpaka hakuutaja kabisa."

Danford alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Aliacha kiatu kimoja wazi. Nilichukua kitenge changu, yeye akachukua ufunguo wa gari.

Kufika barabarani tulikuta wameshafanya kazi nzuri. Matairi ya malori, magogo, mawe, na nondo walizotoa sijui kwenye jengo la nani. Vijana kama mia mbili. Mkubwa wao alikuwa Anyosisye, mwenyekiti wa bodaboda wa kijiwe chetu, mtu mzima mwenye watoto, ambaye kila mwaka mpya ananiletea mkewe achague kitenge kwa punguzo. Pembeni walisimama askari wawili. Nilimkimbilia mmoja. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nao hawajapata amri yoyote, lakini raia wote wanasema wamemsikia Rais kwa masikio yao. Mkuu wake amempigia mkuu wake, na yule naye anasita kupiga juu kuuliza kama Rais alisema alichosema. Nani atamuuliza Rais swali kama hilo? Nani atafungua alichofunga yeye?

Ng'ambo ya matairi, kama hatua arobaini, niliona gari dogo jeupe la Boazi. Nyuma yake malori yalishabanana mpaka hakuna nafasi ya kugeuza hata baiskeli. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mguu wa binti yangu ulikuwa nje, umekanyaga lami. Boazi alikuwa amepiga magoti mbele yake. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri.

"Anyosisye," nikamwambia. "Yule ni Violet. Unamjua Violet. Anajifungua."

"Mama, sisi hatuna ugomvi na wewe," akasema, na alisema kwa heshima, ndiyo iliyonitisha. "Mzee kasema. Tukimpitisha mmoja, kesho watapita mia."

"Rais hakusema hivyo! Alisema watu wafunge kula!"

Wakacheka. Mmoja akauliza kama na vitenge vimepigwa marufuku. Danford akapanda juu ya gogo, na ile sauti yake nyembamba ikatoka, ikipasuka katikati ya maneno. "Jamani, ndugu zangu. Mimi ni Danford wa matangazo. Nilisikia vibaya. Redio ilikatika. Ile sauti ya mwisho ilikuwa ni mimi."

Kisha Anyosisye akasema, "Mzee Danford, unamkana Rais? Sisi sote tumemsikia. Nani amekutuma?" Na neno hilo la mwisho lilipita nyuma kwa wenzake, amekutuma nani, amekutuma nani, likiongezeka ukali kila lilipofika. Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimkosa likanipita mimi sikioni.

Nilimvuta tukarudi kwenye gari, lililokuwa nyuma ya lori la shaba, wasipoweza kuliona. Akakaa kwenye usukani anahema.

"Ongea kama yeye," nikamwambia.

Alijua nilichosema. Akaangalia kipaza sauti kama mtu anayeangalia nyoka kitandani. "Mama Violet, ofisa alinionya. Na safari hii si harusi. Wakijua nimemwigiza Rais kwa jambo kama hili nitafungwa. Nitafungwa nife humo."

"Jana uliongea bila kuombwa."

"Jana nilidhani amesema yeye!"

Hapo ndipo nilipomchukia. Sitaficha. Nilimpiga, nikampiga kwa kiganja shingoni na mgongoni, nikamwita majina ambayo sikujua kwamba nayafahamu, na yeye alikaa tu ameinamisha kichwa, kipaza sauti kiko mapajani. Tulikaa hivyo kwa muda gani? Tulifika pale saa mbili na nusu. Aliponyanyua mkono kuwasha mitambo, saa ya gari ilisema saa nne kasoro dakika kumi. Nilimsamehe mambo mengi katika ndoa yetu. Muda ule sijausamehe.

Alijua kazi yake. Hakuanza kuongea. Aliacha spika zikorome kwanza, zipige mluzi, Kibemba kidogo kipite, kama redio inayotafuta njia. Nilichungulia kando ya lori nikaona vichwa vyote vimegeuka. Halafu pumzi ya puani, kubwa, juu ya mapaa yote ya Tunduma.

"Wanangu." Kimya. "Mama mjamzito apite."

Nilitegemea wabishane. Nilitegemea angalau mmoja acheke. Walivua kofia. Wanaume mia mbili walivua kofia mbele ya spika zilizokuwa nyuma ya lori, kisha wakaanza kuviringisha matairi, bila kusukumana, kama watu wanaopanga viti kanisani. Wakamshusha Violet kwenye gari la mumewe wakambeba kwa mikono yao, wanamwambia pole dada, pole dada. Boazi aliposhika pindo la kanga ya mkewe wavuke wote, wakamtoa vidole kimoja kimoja. Rais alisema mama mjamzito. Hakusema baba.

Tulimlaza kwenye kiti cha nyuma cha Noah. Danford anawasha gari, Anyosisye akaja dirishani. Alitazama kipaza sauti kilichokuwa bado kimewaka taa, akamtazama Danford, na nikaona wazi kwamba ameelewa kila kitu, ya jana na ya leo. Nikasubiri apige kelele. Badala yake akainama.

"Shikamoo, Mzee," akasema. Hakumwita hivyo kama watu wanavyomwita Danford. "Umesema vizuri. Sasa na hawa wa Nakonde walioko upande wetu, kule sokoni, tuwafanyeje? Sema tu. Watu wanasubiri."

Danford hakujibu. Alizima mitambo.

Anyosisye alingoja kidogo, akatikisa kichwa polepole. "Sawa," akasema. "Tumeelewa."

Walichoelewa tulikisikia baadaye. Wale kinamama wa maharage walifukuzwa kwa fimbo hadi mpakani, magunia yao yakamwagwa mtaroni, na mmoja wao, Aida, aliyewahi kunikopesha mwavuli, alivunjwa mkono. Walipoulizwa, walisema Rais alinyamaza, na kunyamaza kwake kunajulikana.

Elina mkunga alifanya alichoweza. Mtoto alikuwa wa kiume. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni, na alikaa njiani muda mrefu mno. Elina aliniambia bila kunificha: angefika mapema kwa saa moja tu, wangemwahi. Violet alipona. Ninasema alipona kwa sababu hilo ndilo neno la hospitali.

Tulimzika mtoto Jumamosi, nyuma ya nyumba, kabla jua halijawa kali. Boazi hakuwepo. Alikuwa ng'ambo, umbali ambao ungeweza kumrushia mtu chungwa akalidaka, na hakuweza kuja kumfukia mwanawe. Alikuwa anampigia Violet kila baada ya saa moja, na Violet alikuwa anaweka simu sikioni, hasemi kitu, anamsikiliza mumewe akipumua.

Siku hiyo Danford alinijia jikoni akasimama kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Akasema Jumatatu atakwenda polisi mwenyewe. Ataeleza yote, neno kwa neno, kisha atasimama kanisani aeleze tena, na kisha hata wakimfunga miaka kumi, watu watajua mjukuu wetu aliuawa na kosa la babu yake. Nilimwambia aende. Sikumwambia usiende, baba Violet, utatuachia nani. Nilimwambia aende, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nilimwekea chakula. Kitu pekee nilichokuwa nakitaka duniani ni mtu mmoja aseme mbele ya watu kwamba lilikuwa kosa. Mtoto alikuwa hajapewa hata jina. Nilitaka angalau kifo chake kiwe na jina.

Jumapili saa kumi alasiri Rais akahutubia tena, kumaliza mfungo. Safari hii hakukuwa na Noah wala spika. Tulikaa uani, mimi, Danford, na Ferista aliyekuja na simu yake yenye redio nzuri. Violet alikuwa ndani, mlango wazi.

"Wanangu," akasema. Ilikuwa ajabu kuisikia ile sauti kwa mwenyewe. Nilimwona Danford anasogeza midomo naye.

Akashukuru Mungu, akashukuru madaktari. Kisha akanyamaza, kimya kirefu kuliko vyote, mpaka Ferista akatikisa simu akidhani imezima.

"Alhamisi nilisema, tufunge," akasema. "Wengi mkafunga chakula. Nawashukuru. Lakini wako walionisikia kwa masikio ya ndani. Wanangu wa Tunduma walifunga mlango wa nchi kabla serikali yao haijaamka. Hao ndio walionielewa. Na mlango waliofunga wao utabaki umefungwa, hadi nitakaposema."

Kutoka upande wa soko tulisikia makelele yanapanda, honi za bodaboda, mtu anapiga sufuria. Ferista alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alifungua akasema, "Lakini hakusema hivyo. Mimi nilimsikia. Hakusema." Akainuka akachukua simu yake akaondoka haraka bila kuaga, akiangalia ukuta wa jirani.

Nikamgeukia Danford. Alikuwa analia. Nilidhani analia kama mimi ninavyolia. Kisha akainua uso, na uso ule ulikuwa umekunjuka wote, kama mtu aliyeondolewa gunia kichwani.

"Mama Violet," akasema. "Umesikia? Nilisikia vizuri. Sikukosea."

"Danford."

"Mwenyewe amesema! Nilimwelewa. Tangu utoto namwelewa yule mtu, mimi ndiye…" Akajipangusa kwa mkono wa shati. Alikuwa anatabasamu. "Kumbe hakuna kosa lolote. Kesho siendi popote. Nikaseme nini? Nikisema nilikosea nitakuwa nampinga."

Violet alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia fremu, maziwa yamelowanisha gauni lake pande zote mbili. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi.

"Baba," akasema. "Kwa hiyo hukukosea."

"Sikukosea, mwanangu." Alisema kwa upole, kwa ile sauti yake nyembamba, na nadhani kweli alitaka kumfariji. "Ilikuwa amri."

Violet alimtazama. Aliniita kwa kidole, akanipa simu, na ilikuwa imeshaunganishwa, Boazi yuko hewani, akarudi ndani akafunga mlango.

Niliweka simu sikioni. Mkwe wangu hajawahi kuniuliza kitu moja kwa moja tangu amuoe binti yangu. Nyuma yake Nakonde nako watu walikuwa wanapiga kelele, sikujua za nini.

"Mama," akasema. "Wamesema hawafungui. Samahani kukuuliza. Violet hawezi kuniambia. Mtoto alifanana na nani?"

Danford alikuwa ameshasimama, anapapasa mifuko yake akitafuta ufunguo wa gari la matangazo.

"Na babu yake," nikamwambia, nikakata simu.